"Cold-blooded" si damu baridi, na wala si unyama

Swali limetoka kwa mhariri wa habari za kimataifa katika redio moja ya Tanga:

"Mwalimu, shikamoo. Kwenye habari za Kiingereza tunakutana kila mara na neno cold-blooded: mara cold-blooded murder, mara cold-blooded killer, na wakati mwingine killed in cold blood. Juzi mtangazaji wetu alisoma hewani 'mauaji ya damu baridi', simu zikaanza kuingia, watu wanauliza damu baridi ndiyo nini. Mwenzetu mmoja akashauri tuandike 'mauaji ya kinyama' yaishe. Nimefika nyumbani, mwanangu wa kidato cha pili ananiambia cold-blooded ni mijusi na vyura. Nani yuko sahihi, na sisi tuandike nini?"

Marahaba, dada yangu. Mwanao yuko sahihi. Mtangazaji wenu alitafsiri maneno akaiacha maana. Lakini anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo wa "kinyama", kwa sababu kosa lake halisikiki. "Damu baridi" ikisomwa hewani, msikilizaji anashtuka na anapiga simu. "Kinyama" inapita kimya kimya, hakuna anayeuliza, na habari imekwisha kubadilika.

Nianze na umbo la neno lenyewe. Wengi wakiona -ed mwishoni, akili inakimbilia wakati uliopita, kama walked au killed, na wanaanza kutafuta kitenzi ambacho hakipo. Hiyo -ed haikutoka kwenye kitenzi. Imebandikwa kwenye nomino, blood, na kazi yake ni ileile inayofanywa na -enye kwetu. Cold-blooded ni mwenye damu baridi. Blue-eyed ni mwenye macho ya bluu. Kigoda chenye miguu mitatu ni three-legged, na mtu mwenye hasira za karibu ni short-tempered. Ukilishika hilo umeshika maneno mengi sana kwa mkupuo mmoja. Angalia pia kwamba nomino iliyo ndani hubaki katika umoja: mtu ana macho mawili, lakini neno ni blue-eyed, haliwi vinginevyo.

Kwa watangazaji wenu, matamshi ni kold-bladid, silabi tatu, kwa sababu d ya mwisho wa blood inailazimisha -ed itamkwe -id. Kistari kinabaki mahali pake, neno likiwa mbele ya nomino au mwisho wa sentensi. Ila kwenye in cold blood hakuna kistari, kwa kuwa hapo cold ni kivumishi cha kawaida kinachoieleza blood, na kifungu chote kinafanya kazi ya kielezi. Kwa hiyo mtu au kitendo huwa cold-blooded, na namna kitendo kilivyofanyika ni in cold blood. Kielezi cha neno moja, cold-bloodedly, kipo kwenye kamusi, ila waandishi wa habari hawakitumii sana.

Sasa kwa nini baridi? Waganga wa kale wa Kigiriki, Hippocrates na baadaye Galen, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila moja lina tabia yake, na damu ilihesabiwa kuwa ya joto. Ushujaa, mapenzi, ghadhabu, yote yalidhaniwa kuwa ni damu iliyopata moto. Elimu hii si ngeni pwani kwetu. Ilipita kwa waganga wa ulimwengu wa Kiislamu, akina Ibn Sina, na lugha yetu bado ina masalia yake. Balghamu kwetu ni makohozi. Safura, ambayo asili yake katika Kiarabu ni ile nyongo ya manjano, kwetu imegeuka jina la ugonjwa. Na wazee wa pwani hadi leo wanagawa vyakula kuwa vya joto na vya baridi, hata kama hawamtaji Galen.

Katika elimu hiyo, mtu ambaye damu yake ni baridi ni mtu asiyewaka. Mfano wa zamani unaonyesha hilo waziwazi. Katika tamthilia ya Shakespeare, King John, iliyoandikwa mwishoni mwa karne ya 16, Constance anamwita mtawala wa Austria "cold-blooded slave". Mtawala huyo hajaua mtu hapo. Kosa lake ni kwamba aliapa kumpigania Constance na mwanawe, kisha mambo yalipogeuka akawa upande wa pili bila kuona uchungu. Constance anamshutumu kwamba hana moto ndani yake. Ukatili ulikuja kukaa juu ya maana hiyo baadaye. Msingi ni kukosa joto la hisia pale ambapo binadamu wa kawaida angekuwa nalo.

Sheria ndiyo inayosaidia kuliona jambo hili kwa ukaribu, na nashauri kila mhariri wa habari za mahakamani aisome. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, inatenga kuua kwa kukusudia katika kifungu cha 196 na kuua bila kukusudia katika kifungu cha 195. Kisha kinakuja kifungu cha 201. Kinasema kwamba mtu aliyeua akiwa katika joto la ghadhabu, baada ya kuchokozwa ghafla na kabla ghadhabu hiyo haijapata muda wa kupoa, atatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia tu. Kenya nayo ina maneno kama hayo katika Sura ya 63, kifungu cha 207. Vifungu hivi vimetoka kwenye sheria ya Kiingereza, na ndani yake kuna ile picha ya zamani: damu inapanda joto, inahitaji muda ipoe. Aliyeua damu ikiwa moto, sheria inamtazama kwa jicho moja. Aliyeua damu ikiwa imepoa, au haikuwahi kupanda kabisa, hana pa kujifichia. Huyo wa pili ndiye Mwingereza anayemwita cold-blooded.

Kwa hiyo neno hili linapima hali ya mtendaji. Halipimi wingi wa damu iliyomwagika wala ubaya wa majeraha. Hapo ndipo "kinyama" inapopotosha.

Chukua mtu aliyemfumania mkewe, akatoka nje, akashika panga, akarudi ndani na kumkatakata mgoni wake mpaka majirani wanaogopa kuingia chumbani. Kiswahili kitasema mauaji ya kinyama, na ni sawa, maana kinyama kinaleta picha ya ukali, ya mwili ulioharibiwa, ya mtu aliyetoka katika utu. Lakini huyo si cold-blooded hata kidogo. Damu yake ilikuwa inatokota. Sasa chukua mwingine, anamuuguza mjomba wake. Kila jioni anamkorogea uji, anatia unga kidogo wa sumu ya panya, anakoroga tena, anapima joto kwa tone moja mgongoni mwa mkono asije akamuunguza mgonjwa, anamnywesha, anampangusa kidevu, anamwombea dua. Anasubiri urithi wa nyumba. Hakuna tone la damu sakafuni. Huyu ndiye cold-blooded, kuliko yule wa panga, na ukiandika "kinyama" msikilizaji ataona panga ambalo halikuwapo.

Ndiyo maana nasema kosa hilo ni zito. Habari mbili zinazokinzana zinapewa jina moja, na kile hasa kinachotisha katika habari ya pili, yaani ule utulivu, kinapotea.

Kuna neno jingine linalochanganywa nalo: premeditated. Hilo ni la kupanga mapema. Mara nyingi yanakwenda pamoja, ila si lazima. Mtu anaweza kupanga kisasi mwezi mzima huku analia na kutetemeka kwa hasira. Amepanga, lakini hana damu baridi. Mwingine anaingia dukani kuiba, anamkuta mlinzi amelala, anampiga risasi kwa sababu tu ni rahisi kuliko kumfunga kamba. Hakupanga kumuua, aliamua palepale, na bado Kiingereza kitamwita cold-blooded. Kwa hiyo "mauaji ya kupangwa" si tafsiri yake.

Kuhusu "damu baridi", wasikilizaji wenu walikuwa na haki ya kupiga simu. Kiswahili kina mengi ya kusema juu ya damu. Damu huchemka mtu akikasirika. Ujana ni damu moto. Watu wasioelewana, damu zao hazipatani. Anayechukiwa bila sababu ana damu ya kunguni. Kwenye orodha hiyo, damu baridi haina kiti. Na baridi yenyewe kwetu si ya ukatili. Mtu aliyepoa ni mpole, mambo yakiwa mazuri ni poa, biashara ikiwa baridi wateja hawaji. Msikilizaji wa Pongwe au Chumbageni akisikia muuaji wa damu baridi, atadhani ni mpole, au ni mgonjwa.

Basi tuandike nini? Mimi natumia maneno mawili pamoja: "kwa makusudi na bila huruma". "Makusudi" inabeba akili iliyotulia, "bila huruma" inabeba moyo usioguswa. Ukiandika moja tu, nusu ya maana inabaki kwenye Kiingereza. Polisi wakisema the shooting was a cold-blooded murder, soma: "Polisi wamesema marehemu alipigwa risasi kwa makusudi na bila huruma." Mahali pa simulizi ndefu, pale unapokuwa na nafasi ya kueleza, "bila hata kupepesa macho" ni nzuri sana, maana inaonyesha utulivu bila kuutaja. Cold-blooded killer ninaiandika "muuaji asiye na chembe ya huruma". "Moyo wa jiwe" inafaa katika riwaya na makala, kwenye taarifa ya saa inasikika nzito mno. "Katili" peke yake si kosa, ila ni neno pana. Hata baba anayechapa watoto kupita kiasi ni katili, na pengine anafanya hivyo kwa hasira.

Mawili ya kuepuka. "Roho mbaya" kwetu inaelekea zaidi kwenye choyo na husuda. "Roho ngumu" inaweza kuwa sifa, ya mtu aliyevumilia shida bila kukata tamaa. Kwa wanaotafsiri mazungumzo ya filamu za Dar es Salaam, neno la mtaani "kauzu" linakaribia sana: mtu mkavu, asiyejali, hatikiswi na lolote. Nimeliona likifanya kazi vizuri kwenye mdomo wa mhusika. Kwenye taarifa ya habari halina nafasi.

Halafu kuna jambo la haki, na hapa naomba muwe wakali. "Cold-blooded murder" si jina la kosa katika sheria yoyote niliyoitaja. Ni hukumu ya msemaji. Mtu akiwa bado ni mshtakiwa, maneno hayo lazima yawe na mwenyewe: nani ameyasema, polisi, mwendesha mashtaka, au ndugu wa marehemu. "Mwendesha mashtaka aliiambia mahakama kuwa mshtakiwa ni muuaji asiye na chembe ya huruma" ni habari. "Muuaji asiye na huruma afikishwa mahakamani" ni redio kutoa hukumu kabla ya jaji, na jaji huenda akakuta kwamba kifungu cha 201 kinamhusu mtu huyo.

Ile in cold blood inahitaji uangalifu wa peke yake katika habari za vita, na kwa kuwa dawati lako ni la kimataifa utakutana nayo mara nyingi. They were killed in cold blood, kwenye vita, kwa kawaida haimaanishi tu kwamba aliyeua hakuwa na huruma. Inamaanisha kwamba hapakuwa na mapigano pale. Wameuawa wamekwisha kujisalimisha, au wamefungwa mikono, au ni raia walio majumbani mwao. Kinyume chake ni kufa vitani, risasi zikirushwa pande zote mbili, damu ikiwa moto kwa wote. Tofauti hiyo ndiyo inayotenga tukio la vita na uhalifu wa kivita, kwa sababu Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza kuwaua waliokwisha kuweka silaha chini. Mkiandika "waliuawa kikatili" mmepoteza kiini. Rudini kwenye taarifa ya asili mtafute hali waliyokuwamo, kisha muiseme: "waliuawa wakiwa wamekwisha kujisalimisha", "walipigwa risasi wakiwa wamefungwa mikono". Kama taarifa haisemi, "waliuawa kwa makusudi, si katika mapigano" inatosha, mradi chanzo chenu kimedai hivyo.

Neno hili lina upande wa sifa pia, na huo hujitokeza michezoni. Mchezaji anayepiga penalti dakika ya mwisho uwanja mzima ukimzomea, akaupeleka mpira taratibu kona ya pili, watangazaji wa Kiingereza humwita cold-blooded kwa kumsifu. Cole Palmer wa Chelsea mashabiki wamelichezea jina lake hadi likawa Cold Palmer, naye hushangilia kwa kujisugua mikono kama anayesikia baridi. Hapo "bila huruma" haifai kabisa. Sema "ametulia" au "hana presha". Wasomaji wetu wa Bukavu na Lubumbashi wataliona hili haraka, kwa kuwa Kifaransa wanachokitumia kazini kina sang-froid, damu baridi ileile, na mara nyingi ni sifa: kuwa na sang-froid ni kutotaharuki. Hata hivyo Kifaransa nacho husema kuua de sang-froid. Wafugaji wa farasi wa Ulaya nao wanawaita wale farasi wakubwa wa kuvuta mizigo, kama Shire na Percheron, wa damu baridi kwa upole wao, na farasi wa Kiarabu wa damu moto. Joto la damu yao ni moja. Kinachosemwa ni tabia.

Usilitumie neno hili kwa mtu asiyependa watu au asiyechangamka. Huyo ni cold tu. Na hot-blooded ni mwenye jazba, wa hasira au wa mapenzi, lakini red-blooded ni kitu kingine: ni mtu mwenye nguvu na hamu ya maisha, na husemwa hasa juu ya wanaume.

Tumalizie na mwanao, maana amegusa jambo kubwa. Katika somo la baolojia, cold-blooded ni mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata joto la mazingira: samaki, vyura, mijusi, nyoka, mamba, wadudu. Mgawanyo wa wanyama kwa joto la damu ulitumiwa na Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye katika toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe, mwaka 1758, aliwatenga mamalia na ndege, wenye damu ya joto, na wale wenye damu ya baridi. Kwa hiyo matusi ya Constance yalitangulia. Mjusi hakumzaa muuaji. Waandishi wa Kiingereza wamezoea kuwaunganisha, wanampa muuaji macho ya nyoka, na msomaji anadhani picha ilianzia kwa nyoka.

Tatizo ni kwamba damu ya wanyama hao mara nyingi si baridi. Mtazame mjusi kwenye ukuta wa mawe asubuhi. Anatoka mzito, anajibanza palipo na jua, anautandaza mwili ushike joto, na baada ya muda anakimbia kasi ambayo mtoto hawezi kumshika. Mchana jua likizidi anahamia kivulini asiungue. Ana kazi kubwa ya kutunza joto lake, ila analitafuta nje. Iguana wa jangwa la kusini magharibi mwa Marekani anashinda akiwa na joto la mwili la karibu nyuzi 40 za Selsiasi, na sisi tuna 37. Wapo pia wanaovunja mpaka. Jodari ni samaki, lakini misuli yake inatunza joto kuliko maji anayoogelea. Na yule fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, ni mamalia kamili, ila joto lake linakwenda na joto la shimo lake, na wakisikia baridi wanalaliana kwa makundi.

Ndiyo maana wanasayansi wanapendelea ectothermic, yaani mnyama anayepata joto lake kutoka nje, na endothermic kwa anayelitengeneza ndani. Mwambie kijana asiache kujifunza cold-blooded, maana atakutana nalo vitabuni na kwenye mitihani, lakini akiulizwa aeleze, asiandike kwamba damu ya mjusi ni baridi. Aandike kwamba joto la mwili wa mjusi hubadilika kufuatana na mazingira. Nanyi redioni, mkiwa na kipindi cha wanyama, semeni "wanyama wanaotegemea joto la nje", na hakuna msikilizaji atakayepiga simu.